Kelele za Jikoni kwenye Kwaresima ya Chuma

Taf. Taf-taf. Taf.

Hiyo ni sauti ya soksi kwenye sakafu ya jikoni, wasikilizaji wapendwa. Ni alfajiri ya majira ya baridi, nje bado giza, na mtoto wa kike yuko macho kitandani anasikiliza. Chini, jikoni, baba yake amekaa kwenye kiti. Taa hajaiwasha. Miguu yake inakwenda huku na huku chini ya meza, kisigino, kidole, kisigino, kidole. Anafanya mazoezi ya kinanda cha mabomba, kile cha kanisani kinachopigwa kwa mikono na miguu. Nyumbani hana kinanda. Kwa hiyo anaipiga sakafu, kisha anavaa viatu vyake vya kazi na kwenda kiwandani.

Mtoto huyo ni Colette Kubiak. "Nilidhani akina baba wote wanafanya hivyo," ameniambia. "Nilipoanza kulala kwa rafiki zangu nikawa nauliza, baba yenu mgonjwa? Mbona asubuhi kimya?"

Na baba mwenyewe ni Verne Kubiak. Verne wetu, wa hapa Kessler. Alifariki mwezi wa pili mwaka huu, akiwa na miaka sabini na mitatu. Tumemzika kwenye makaburi ya parokia, ardhi ikiwa imeganda kwa baridi, ngumu kiasi kwamba walioichimba walilazimika kuipasha moto kwanza. Kipindi cha leo ni chake.

Wengi wenu mlimjua kwa mambo mawili. Alitengeneza ekseli za magari kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa, na alipiga kinanda kila Jumapili katika kanisa la Mtakatifu Kazimiri. Jambo la tatu hamkulijua, au mlilijua mkalisahau. Verne Kubiak alitoa santuri. Inaitwa Kwaresima ya Chuma. Hapa Ohio hakuna aliyeitaka. Baada ya miaka arobaini na zaidi, watu wa mbali wakaigundua upya, wakamwita gwiji aliyepotea.

Lakini nawaomba mshike jambo moja, kwa sababu yote nitakayosema yanategemea hilo. Katika miaka yake ya mwisho Verne hakutaka kuitwa gwiji. Alitaka kusikia sauti ya mkewe, Bernadine, na alitaka binti yao aisikie. Sauti hiyo ilikuwa mahali pamoja tu duniani. Ilikuwa mwishoni mwa santuri hiyo. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Sauti ya Bernadine ilikuwa kwenye Kwaresima ya Chuma, sekunde za mwisho, upande wa pili.

Tuanze mwanzo.

Verne alizaliwa mwaka wa arobaini na tisa, nyumba ya tatu kutoka reli. Baba yake alikuwa mtu wa mabehewa. Kinanda alifundishwa na mtawa mmoja, Sista Benedykta, mwanamke mfupi aliyekaa sakafuni kwa makusudi ili aione miguu ya mwanafunzi wake vizuri. Akikosea alimchapa rula kwenye kifundo cha mguu. "Mikono yako inasali," alimwambia, "ila hiyo miguu iko baa." Verne aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Alipofika miaka ya ishirini alijiunga na vijana wawili. Wa kwanza ni Rusty Pohlman wa gitaa, ambaye bado tunaye, analima soya kule nje ya mji. Wa pili ni Skip, mpiga ngoma, ambaye alitutoka zamani. Bendi yao waliiita Ghala la Kaskazini, kwa sababu mazoezi walifanyia kwenye ghala la nafaka la baba yake Rusty. Walipiga ile roki ndefu ya miaka ya sabini, yenye vinanda vingi, ambayo wimbo mmoja unachukua upande mzima wa santuri.

Nilimuuliza Rusty watu wa hapa waliipokea vipi.

"Waliipokea kama kodi," akasema. "Dada yangu, fikiria. Watu wametoka kiwandani, wamechoka, wamekuja baa wacheze na wake zao. Sisi tunapiga kitu cha dakika ishirini, na kila wakikaribia kuyazoea mapigo, tunayabadilisha. Mtu akiinuka kucheza tunamtegua kiuno. Mwenye baa akanifuata, akaniambia, Rusty, mimi nauza bia, siuzi mitihani."

Sasa twende kwenye santuri yenyewe. Ilirekodiwa Kwaresima ya mwaka wa sabini na nne, ndani ya kanisa la Mtakatifu Kazimiri. Verne alitaka kile kinanda kikubwa, na kile hakihamishiki. Akamwendea Padri Ignac. Padri akakuna kidevu, akasema, "Ijumaa, baada ya samaki. Na mtapanga meza na kuzipangua. Meza kwanza, muziki baadaye."

Mnazijua Ijumaa zetu. Kwaresima nzima, mji wote unashuka kwenye ukumbi chini ya kanisa kula samaki wa kukaanga. Miaka hiyo palikuwa na foleni mpaka barabarani. Kwa hiyo vijana hao watatu walibeba meza, wakapanda juu wakinuka mafuta, wakafunga vipaza sauti vyao, wakaanza. Na chini ya miguu yao, jikoni, akina mama walikuwa wanaosha sufuria.

Ndiyo maana santuri ile ina kelele. Ukisikiliza kinanda, chini yake kuna vifuniko vinagongana, maji yanamwagwa, mtu anacheka. Wale vijana waliomba kimya. Jikoni palikuwa na Bernadine, mke wa Verne, ambaye alikuwa ameolewa msimu wa kuvuna uliotangulia. Bernadine Kubiak hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Rusty anakumbuka akipanda ngazi, mikono imejaa povu, akasimama mlangoni.

"Nyie mnaomba kimya," akawaambia. "Sisi tunaomba mtu wa kukausha sufuria. Haya, tuone nani atapata wa kwanza."

Hakuna aliyepata.

Na ilipofika Ijumaa ya mwisho wakapiga wimbo mkubwa, ule wa upande wa pili. Verne akaushikilia mlio wa mwisho kwa mikono na miguu yote, mpaka madirisha yakatetemeka. Akauachia. Mlio ukawa unafifia taratibu juu kwenye dari. Hapo mlango wa ngazi ukafunguka, na Bernadine akasema, kama anavyosema mke yeyote wa hapa, bila kujua kwamba mashine bado inazunguka:

"Verne, samaki wanapoa."

Skip alirusha fimbo zake chini. Alitaka warudie wimbo wote. Verne akakataa. "Iacheni," akasema. "Ndivyo ilivyoisha."

Na ikabaki hivyo. Samaki wanapoa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Kwaresima ya Chuma.

Wakachapisha nakala mia tatu. Chache zilinunuliwa, na nyingi kati ya hizo zilinunuliwa na shangazi zao. Nyingine wakazituma kwenye vituo vya redio, kikiwemo hiki. Hazikupigwa. Nyingine zote zilikaa kwenye maboksi, ghalani kwa Rusty, miaka mitano.

Lililofuata, Rusty alinieleza akiangalia viatu vyake. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mwaka wa sabini na tisa. Bendi ilishavunjika. Ndugu zake Rusty walikuwa wanafanya mazoezi ya shabaha, ile ya kurusha visahani vya udongo hewani na kuvipiga kwa bunduki ya marisau. Visahani vikaisha. Mtu akasema, kwani si kuna vile vya Rusty vya muziki?

"Tulicheka sana," Rusty akasema. "Lazima nikuambie ukweli, tulicheka. Vinaruka vizuri kuliko vya udongo. Tukampigia Verne simu, njoo upige nyimbo zako. Akaja na Bernadine. Verne naye akapiga. Bernadine alikuwa amekaa kwenye bodi ya pikapu na Colette mapajani, amemziba masikio. Akatupigia kelele, jamani, punguzeni, mimi nimo humo ndani."

Nilimuuliza Rusty walisimama saa ngapi.

"Zilipoisha," akasema.

Mwaka uliofuata Bernadine aliugua ugonjwa wa damu. Hakufika Krismasi. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Colette alikuwa na mitatu.

Verne alikuwa amebakiwa na santuri moja tu, na ile kanda kuu, yaani kanda ambayo muziki ulirekodiwa mara ya kwanza kabla ya kuchapishwa. Siku ya maziko aliichukua ile santuri akaiweka kwenye jeneza, pembeni mwa mkewe. Mama yake Bernadine alikasirika mbele ya watu. "Mwanamke anazikwa na rozari," akamwambia, "hazikwi na kelele zako." Verne akajibu polepole, "Si kelele zangu, mama. Ni zake." Wakafunga kifuniko.

Alifikiri haidhuru. Kanda si ipo?

Kanda ilikuwepo. Aliifunga kwenye foronya, akaiweka kabatini kati ya mashuka. Mashine ya kuichezea hakuwa nayo, na Colette akimuuliza, alisema siku moja. Ukimaliza shule. Ukifikisha ishirini na moja. Kiwanda kikinilipa likizo.

"Alikuwa anaahirisha tu," Colette anasema. "Zamani nilimkasirikia. Sasa nadhani alikuwa anaogopa. Kitu ukiwa hujakisikia, bado kipo kizima. Ukishakisikia, umeshakitumia."

Nina mtoto wa miezi kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Akilia nami niko chumba kingine, natamka tu jina lake, ananyamaza kabla sijafika. Colette aliitwa hivyo miaka mitatu. Kisha akakaa zaidi ya miaka arobaini hakumbuki ni sauti ya namna gani. Nyembamba? Nzito? Hajui. Picha za mama yake anazo. Picha haiiti mtu.

Sasa tunafika kwenye ule ugunduzi.

Muuzaji mmoja wa santuri kuukuu, kijana wa jimbo jirani, alikuta nakala ya Kwaresima ya Chuma kwenye duka la vitu vya mitumba, chini ya albamu za Krismasi. Akaweka dakika chache za upande wa kwanza kwenye mtandao, kidogo tu, za kuamsha hamu ya wanunuzi. Hamu ikaamka. Ile nakala ikauzwa kwa bei ya gari lililotumika. Nyingine chache zikajitokeza kutoka darini kwa watu, zikaenda Ulaya, zikaenda Japani. Wenye nazo wakaanza kuandika. Kuhusu zile kelele za sufuria, mmoja aliandika kwamba ni ala za chuma zilizobuniwa mahususi. Kuhusu Bernadine, mwingine aliandika kurasa nzima kwamba samaki wanaopoa ni kifo cha bahari.

Colette alimsomea baba yake maandishi hayo mezani. Verne alicheka hadi akavua miwani. "Mama yako angewauliza kama wamekausha sufuria," akasema.

Halafu ikaja kampuni. Sitaitaja. Ni kampuni ndogo ya jiji kubwa, inayochapisha upya santuri zilizosahaulika. Mtu wao alikuwa kijana mpole anayeitwa Preston, alikuja na boksi la donati, akaketi kwenye kochi la Verne, akasema maneno mazuri kwa saa nzima. Verne akaitoa kanda kwenye foronya. Akasema sharti lake. Sharti lilikuwa moja, na Colette alikuwepo akalisikia.

"Kabla ya kufanya chochote, nitolee nakala ya kusikiliza. Mimi na binti yangu. Halafu fanyeni mnachotaka."

"Bila shaka, Bwana Kubiak," Preston akasema. "Hilo ndilo la kwanza."

Hapa nieleze kitu kidogo cha kazi hii. Kanda za miaka ile zinazeeka vibaya. Gundi yake inavuta unyevu, inaanza kunata. Kabla ya kuicheza unatakiwa kuipasha kwenye joto dogo saa nyingi, kama unavyokausha matunda. Ukiicheza hivi hivi, unga wenye sauti unabanduka na kubaki kwenye mashine. Ni jambo linalojulikana. Hata sisi tuliosomea ufundi wa sauti kwenye masomo ya jioni tulifundishwa mapema. Kampuni ilikuwa na haraka. Waliicheza hivi hivi. Ilicheza mara moja, na mara hiyo ndiyo ikawa ya mwisho. Kanda ilirudi kwa Verne ikiwa utepe wa plastiki unaopitisha mwanga.

Lakini mara ile moja si waliinasa kwenye kompyuta? Ndiyo, waliinasa. Subirini.

Ile nakala ya kusikiliza haikuja. Ilikuja albamu yenyewe, imeshachapishwa, imefungwa vizuri, na kijitabu chenye picha za Verne akiwa na nywele. Siku hiyo Colette alinunua mashine ya santuri. Alipika. Binti yake, Marnie, alikuwa bado mdogo sana, amelala kwenye kochi. Verne alivaa shati la kanisani. Wakakaa. Wakapiga upande wa pili wote, na Colette anasema kinanda kilikuwa kizuri kuliko alivyowahi kukisikia popote, safi, kama maji.

Ukafika ule mlio wa mwisho. Ukafifia. Colette akamshika baba yake mkono.

Kimya. Sindano ikafika kwenye karatasi ya katikati.

"Labda sindano imeruka," Verne akasema. Wakarudia. Kimya.

Verne akampigia Preston. Colette aliweka simu mezani ili wote wasikie, na mazungumzo hayo anayakumbuka neno kwa neno.

"Bwana Kubiak! Umeipata?"

"Nimeipata. Inasikika safi."

"Si ndiyo? Tumekusafishia kazi yote. Zile kelele za jikoni tumezitoa. Sasa ni kama kanisa kuu."

"Na yule mwanamke wa mwishoni?"

"Huyo tulimtoa wa kwanza," Preston akasema, na alikuwa anacheka kwa furaha. "Alikuwa anaharibu mwisho wote."

Verne akauliza kama kuna nakala ambayo haijasafishwa. Preston akasema ataulizia. Baada ya wiki kadhaa akaandika kwamba fundi aliyefanya kazi hiyo alikuwa wa muda, ameshaondoka na mashine zake, na kilichobaki ni kile kilichosafishwa. Aliomba radhi. Alisema laiti wangejua.

Verne alimwambia Colette sentensi moja tu kuhusu jambo hilo. "Nilimzika na moja," akasema, "na nyingine nikampa mtu wa donati."

Siku zile magazeti ya muziki yalikuwa yanamsifu. Alialikwa Chicago, akaenda, akatia saini majalada. Kila aliyekuja mezani, Verne alimuuliza: unayo ile ya zamani? Yenye sufuria? Hawakuwa nayo. Akawaandikia wale wachache wenye nazo. Hakutaka kuzinunua. Aliomba mtu aishushe sindano dakika moja ya mwisho, aweke simu karibu, basi. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba nakala yake haijawahi kufunguliwa, na akiichana ile plastiki inapoteza thamani. Akamtakia afya njema.

Santuri imetengenezwa isikike. Mtu anaifunga kwenye plastiki, mke wa mtu yumo ndani.

Verne alikuja hata hapa kwetu, miaka miwili iliyopita. Alimuuliza meneja wa wakati huo kama nakala waliyoituma mwaka wa sabini na nne ipo. Meneja hakuinuka kwenye kiti. Akasema, "Mzee, za zamani zote tulishatupa." Verne akashukuru, akavaa kofia, akaenda zake. Nyumba yake iko mitaa minne kutoka hapa.

Mwezi wa pili akafariki. Moyo. Colette alikuwa naye. Hakuwa na maneno makubwa. Aliuliza kama barabara imeondolewa theluji.

Wiki tatu baada ya maziko nilishuka kwenye stoo ya kituo hiki kutafuta muziki wa kinanda kwa ajili ya kipindi cha kumkumbuka. Nyuma ya maboksi ya matangazo ya uchaguzi kuna rafu ambayo hakuna anayeigusa. Kwenye rafu hiyo, wasikilizaji wapendwa, palikuwa na Kwaresima ya Chuma. Ile ya sabini na nne. Haikutupwa. Siku ile Verne aliposimama pale mapokezi na kofia mkononi, ilikuwa chini ya miguu yake.

Nilikaa sakafuni. Kisha nikaitoa kwenye jalada, nikaiona.

Zamani, vituo vya redio vilikuwa na tabia. Mkuu wa muziki akiwa hataki wimbo fulani upigwe, hakutoa onyo. Alichukua msumari akaukwaruza ule wimbo kwenye santuri, ili hata mtangazaji mkaidi asiweze. Nyimbo ndefu ndizo zilizochukiwa zaidi, kwa sababu watangazaji waliziweka wakatoka kuvuta sigara. Upande wa kwanza wa santuri hii ni mzima, unang'aa. Upande wa pili una mkwaruzo. Yeyote aliyeufanya alianzia katikati, kwenye karatasi, akavuta kuelekea nje, na mkono wake ukachoka njiani. Sehemu kubwa ya wimbo ameiacha. Aliyoikwaruza ni ile ya mwisho.

Ya mwisho, ndugu zangu.

Sijui msumari umeacha nini. Sijausikiliza upande huo. Nimeusafisha kwa maji na kitambaa laini, nikaurudisha kwenye jalada, nikampigia Colette. Si haki yangu kuwa wa kwanza. Colette yuko hapa studioni jioni hii, upande wangu wa kushoto. Marnie naye yupo, ana miaka sita, amevaa soksi za rangi mbili tofauti na ameahidi kukaa kimya.

Kabla sijaishusha sindano, niseme yanayopaswa kusemwa.

Kwa Colette na Marnie, kwa Rusty Pohlman anayetusikiliza kutoka shambani, kwa parokia ya Mtakatifu Kazimiri ambayo Jumapili zake sasa zina gitaa tu: poleni. Sisi wa kituo hiki tunawapa pole tukijua kilichokuwa kwenye rafu yetu. Sina namna ya kulilainisha hilo, na sitajaribu.

Na ninyi mliopo majumbani, fikirini jambo hili jioni ya leo. Nani kwenu hajawahi kunaswa sauti yake? Mnasubiri nini? Usimwombe aimbe. Usimtoe jikoni. Weka simu karibu na sinki, muulize amepika nini, muache agombane na vifuniko. Na siku mtu mpole akija kukusafishia, muulize kwanza anatoa nini. Mimi bado naamini tunaweza kujifunza kutunza vitu vya watu. Mwanangu nimeshaanza kumnasa akipiga kijiko mezani. Ni kelele tupu. Naziweka.

Haya. Colette, uko tayari?

"Weka tu," anasema, "kabla sijaondoka."

Ninaanzia karibu na mwisho. Mtanisamehe nikinong'ona.

Hicho ndicho kinanda. Ni Verne huyo, ana miaka ishirini na nne. Sasa sikilizeni chini yake. Mnasikia? Ni sufuria.

"Bado zipo," Colette anasema. "Ndizo tunazotumia mpaka leo. Ile kubwa ina mpini mbovu."

Mtu anacheka kule chini. Maji yanamwagwa. Sasa mkwaruzo umeanza, ndio huo mlio mnaousikia kila santuri ikizunguka, kama mtu anayekata karatasi. Kinanda kinapanda. Sindano inayumba, lakini inakwenda. Huu ndio mlio wa mwisho. Ameushikilia. Ameuachia.

Unafifia.

Mlango.

Verne.

Sindano imegonga mkwaruzo. Imerudi nyuma.

Verne.

Imerudi tena. Haivuki. Samaki hawafiki. Sauti ni nzito kidogo kuliko nilivyotarajia, na imekwaruza mwishoni, kama ya mtu aliyepanda ngazi haraka. Verne. Nanyoosha mkono niinyanyue sindano. Colette amenishika kifundo cha mkono.

"Iache," anasema.

Verne.

Verne.

Marnie ameshuka kwenye kiti. Amesimama karibu na mashine, mikono nyuma kama alivyoagizwa, anaiangalia santuri inavyozunguka. Hamwangalii mama yake, wala mimi.

"Anamwita babu," anasema.